Mama Dakika, Muuguzi Aliyeikataa Ishirini

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unaendesha gari, endelea, lakini polepole, maana mtu tunayemkumbuka leo hakupenda kuletewa jioni watu waliotoka nyumbani asubuhi wakiwa wazima.

Leo tunamkumbuka muuguzi. Alifanya kazi miaka thelathini na sita katika wodi moja, wodi namba nne, na alifariki Alhamisi iliyopita asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini. Hospitali nzima ilimwita Mama Dakika. Hata barua za ofisini zilimfikia kwa jina hilo, na aliyeandika jina lake kamili, barua yake ilichelewa.

Kwa nini Mama Dakika? Kwa sababu alihesabu pumzi za mgonjwa dakika nzima. Si nusu dakika ukazidisha mara mbili, si robo ukazidisha mara nne. Dakika nzima. Shikeni hilo, tutalirudia.

Na alikuwa na kazi ya pili, ambayo labda ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Alipokea wahitimu wapya. Kila mwaka chuo cha uuguzi kinatoa vijana, wana vyeti, wana viatu vyeupe, wanajua majina ya mifupa yote. Lakini kabla ya kupewa leseni ya kufanya kazi wenyewe, lazima wakae wodini miezi sita, na kila mmoja ana kitabu chake cha ujuzi. Kila ukurasa una ujuzi mmoja, na kila ukurasa unahitaji sahihi ya msimamizi. Msimamizi wa wodi namba nne alikuwa Mama Dakika. Bila sahihi yake, hakuna leseni. Zaidi ya vijana mia nne walipita mikononi mwake, na wengi mliokuja kuchomwa sindano mkatoka mnatabasamu, mlichomwa na watoto wake.

Kile kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili cha suti na tai. Ukurasa mmoja ulisema, "Mhitimu ataonyesha mawasiliano yenye tija na wanatimu wa huduma." Mama Dakika aliwasomea vijana, akavua miwani, akasema, "Maana yake, mwanangu, ni kwamba utasema hata kama daktari amenuna. Na utamsalimia msafishaji kabla ya daktari, kwa sababu msafishaji ndiye anayejua nani hakula jana." Ukurasa mwingine ulisema, "Mhitimu atatambua mipaka ya ujuzi wake." Hapo aliwasimamisha wote mstari mmoja, saa moja asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, akawaambia waseme kwa sauti, "Sijui, ngoja niulize." Wakasema. Akasema hawajasikika. Wakarudia. Daktari mmoja alipita akadhani wodi imeanzisha kwaya.

"Kuuliza si ujinga," aliwaambia. "Ujinga ni kumpa mtu dawa huku umeinamisha kichwa ukiomba iwe ndiyo yenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, haya sikusimuliwa. Niliyaona, nikiwa nimelala. Mwaka jana nilivunjika mguu. Nilipanda kiti kubadilisha balbu katika studio hii hii, kiti kikaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Mtayarishaji wangu yuko pale nyuma ya kioo, na hadi leo akikiona kile kiti anacheka. Nikalazwa wodi namba nne, upande wa wanaume, kitanda cha nne, siku kumi na mbili, mguu ndani ya plasta, hatua tatu kutoka kwenye meza ya wauguzi. Mtangazaji ukimlaza hatua tatu kutoka kwenye meza ya wauguzi, umemwekea kipaza sauti.

Kati ya wahitimu wapya wa mwaka huo alikuwepo binti mmoja waliyemwita Chapchap. Miaka ishirini na mitatu, nafasi ya pili chuo kizima, na mikono myepesi. Sindano ya dripu ilikuwa imeshaingia wewe bado unauliza kama inauma. Kitanda alikitandika huku mgonjwa anasimulia, na hadithi ilipoisha na kitanda kilikuwa kimeisha. Bibi yake aliyemlea alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba mjukuu wake ni sista. Alikuwa hajawa. Zilibaki kurasa chache tu kwenye kitabu.

Siku moja alikuja kwangu na ukurasa wa kupima wagonjwa: joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Chini ya kila ukurasa wa kitabu kile kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "Maoni ya mgonjwa." Kisanduku hicho hakuna anayekithamini. Akaniomba kwa adabu, "Baba, naomba uniandikie neno." Nikaandika wanachoandika wote: "Alinihudumia vizuri." Nikarudi kulala.

Kesho yake asubuhi, saa nne hivi, nilikwenda chooni. Mtu mwenye magongo mapya hatembei kwenda chooni, anasafiri. Nilichukua robo saa kwenda na kurudi, na njiani nilipumzika mara mbili. Nilipofika mlangoni pa wodi, nikamkuta Mama Dakika amesimama miguuni pa kitanda changu, anasoma chati yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, na saa yake aliibana kifuani kichwa chini miguu juu, ili yeye akiinama aisome. Alikuwa ameshapita vitanda vyote vya upande wetu. Alisoma, akakuna shingo, akaita.

"Chapchap, njoo mwanangu. Huyu wa kitanda cha nne anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Mama. Nimempima sasa hivi."

"Pumzi?"

"Ishirini, Mama."

"Yuko wapi?"

Chapchap akageuka. Kitandani palikuwa na shuka na mto. Akatazama chini ya kitanda, Mungu ndiye anajua kwa nini. Kisha akaniona mimi mlangoni, nimening'inia kwenye magongo yangu.

"Karibu, baba," Mama Dakika akaniambia. "Tunaambiwa ulikuwa hapa, unapumua."

Wodi ilicheka. Mzee wa kitanda cha tano, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, alituomba tunyamaze kwa ajili ya nyuzi zake. Mimi nilicheka kuliko wote, maana si kila siku mtu anakwenda chooni na huku nyuma kitanda chake kinaendelea kumpumulia. Watu wawili tu hawakucheka. Chapchap, na Mama Dakika.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwaeleze hii ishirini ni nini, kwa sababu hata mimi sikujua. Mtu mzima mwenye afya akiwa ametulia anapumua kati ya mara kumi na mbili na ishirini kwa dakika. Ili kujua, muuguzi lazima asimame atazame kifua kikipanda na kushuka, ahesabu, huku saa inakwenda. Na dakika ni ndefu ukiwa na wagonjwa kumi na wanane. Presha ina mashine, joto lina kipimo, mapigo mashine inasoma kidoleni. Pumzi peke yake ndiyo inayotaka mtu asimame. Kwa hiyo muuguzi aliyechoka anatupa jicho, anaona mtu anapumua, anaandika ishirini. Kitanda cha kwanza ishirini, cha pili ishirini, wodi nzima ishirini. Watu wasio wauguzi hawawezi kufanya kosa hili. Wauguzi wanalijua, wanaoneana haya, wanaendelea. Mama Dakika aliikataa ishirini. Ukimwandikia ishirini, anakwenda kuhesabu mwenyewe.

Alimkalisha Chapchap kwenye ile meza ya hatua tatu. Nikafumba macho nikasikiliza. Nisameheni, ndiyo kazi yangu.

"Nimekukosea wapi, Mama?" Chapchap alisema. "Wote wanaandika ishirini. Chuoni pia waliandika."

"Najua. Na mimi niliandika."

Kisa hiki aliwasimulia wahitimu wote, kila mwaka, siku ya mwisho. Siku ile alimsimulia mmoja, mapema.

Alikuwa na miezi minne tangu atoke chuoni. Kitanda cha pembeni kilikuwa na mzee fundi viatu, mpole, asiyeita mtu. Asubuhi alimpita akaandika ishirini. Mchana akampita, akaandika ishirini. Saa tisa sista mkuu wa wakati ule alisimama pale kwa bahati tu, alikuwa anatafuta kalamu, akamtazama yule mzee kifuani, akahesabu. Arobaini na mbili. Ilikuwa homa ya mapafu. Wakakimbia naye. Alifariki siku ya pili.

"Waliniambia huenda angefariki tu," Mama Dakika alisema. "Alikuwa mzee, alichelewa kuletwa. Labda angekufa hata ningehesabu. Labda. Hiyo labda nimekaa nayo miaka thelathini na tano, Chapchap. Nimelala nayo, nimezaa nayo. Sitaki na wewe uwe na yako."

Sikucheka tena, wasikilizaji.

Kisha akaja kwangu na kitabu. "Baba, mwandiko huu ni wako?" Nikakubali. "Alikuhudumia vizuri akiwa amekupima kweli, au kama leo, ukiwa chooni?" Nikaanza kulalamikia mguu. "Hii ni sentensi ya mtu anayetaka kuruhusiwa kwenda nyumbani," akasema. Akaifuta jinsi wauguzi wanavyofuta: mstari mmoja, ulionyooka, ili kosa lisomeke, na herufi za jina lake pembeni. Kisanduku kikabaki na maneno yangu yaliyokufa.

"Ukurasa huu sisaini," akamwambia Chapchap. "Una miezi mitatu. Ukishindwa, unarudia miezi sita yote."

Miezi mitatu. Ukurasa mmoja. Na bibi alishautangazia mtaa mzima.

Mnadhani Mama Dakika alimwambia haraka haraka haina baraka? Hapana. Methali hiyo aliipiga marufuku wodini. "Muuguzi asiye na haraka aende akafuge konokono," alisema. Alichomwambia Chapchap ni hiki, nami nimekiandika: "Kimbia ukienda kwa mgonjwa. Ukifika, simama."

Na akamfundisha ujanja. Mtu akijua unamhesabu pumzi, anaanza kupumua kwa maonyesho. Anavuta ndefu, anajibana, hesabu inaharibika. Kwa hiyo unamshika mkono, vidole kwenye kifundo, kana kwamba unapima mapigo. Unanyamaza. Na macho yako yako kifuani mwake. Yeye anadhani unasikiliza moyo, kumbe unahesabu pumzi. Siku zangu zote zilizobaki pale, Chapchap alikuja akanishika mkono dakika nzima bila kusema neno. Nilidhani ananionea huruma. Siku ya kuondoka nikamshukuru kwa upendo wake, akaniambia, "Baba, ni kumi na sita." Nikaenda nyumbani na magongo yangu na kumi na sita yangu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na familia, na Chapchap mwenyewe, wiki hii, tumekaa kwenye mkeka nyumbani kwa marehemu.

Mume wa Mama Dakika ni fundi cherehani. Bado anashona. Nilimuuliza walikutana wapi, na ingawa alikuwa na siku mbili tu za ujane, alicheka kwanza.

"Sindano ya cherehani iliniingia kidole hiki," alisema, akanionyesha. "Nikaenda hospitali. Akaja msichana mfupi, akanishika mkono. Kimya. Dakika nzima. Mimi nikajua tayari, nimependwa. Akaandika ishirini na sita, akaniuliza, kaka, una ugonjwa wa kifua? Nikamwambia ninao tangu uliponishika."

"Akasemaje?"

"Akasema nikae nitulie, atahesabu upya. Amenihesabu miaka thelathini na miwili."

Kitinda mimba wao, binti anayefundisha shule ya msingi, aliniambia nyumba ile ilikuwa ngumu kwa mtoto mvivu. "Wenzetu waliamka wanasema wanaumwa, wanabaki nyumbani. Sisi ukisema unaumwa, Mama anakaa kando yako, anakushika mkono. Dakika moja tu. Anakwambia, mwanangu, kumi na nane, vaa sare."

Basi. Miezi miwili na nusu baada ya mimi kutoka wodini, Mama Dakika aliugua. Moyo ulikuwa umeanza kuchoka, miguu ikavimba, akaamka asubuhi moja hawezi kupanda ngazi tatu za nyumba yake. Akalazwa. Ungemlaza wapi muuguzi wa miaka thelathini na sita? Wodi namba nne, upande wa wanawake, kitanda cha kwanza karibu na dirisha. Chapchap alikuwa amebakiza wiki mbili. Ukurasa ulikuwa bado hauna sahihi.

Siku ya pili, saa nane mchana, Chapchap alipokea zamu. Muuguzi aliyeondoka alimkabidhi kitanda kwa kitanda. Kitanda cha kwanza: "Mama Dakika amelala, yuko vizuri, mashine ya kidoleni inasoma oksijeni tisini na tano." Kwenye chati, saa nne asubuhi, pumzi ishirini. Saa sita mchana, pumzi ishirini.

Chapchap aliniambia, "Nilipoiona hiyo namba kwenye chati yake yeye, nilijua lazima nihesabu mwenyewe."

Alikwenda. Alikwenda mbio, kisha alipofika akasimama. Mama Dakika alikuwa ameegemea mito, macho amefumba. Chapchap akamshika mkono, vidole kwenye kifundo. Akanyamaza. Upande wa pili mgonjwa anamwita, simu ya meza inalia, mtu wa chakula anauliza sahani ziwekwe wapi. Akasimama. Dakika nzima.

Thelathini.

Hakuamini. Akahesabu tena, dakika nyingine nzima. Thelathini na moja.

Akampigia daktari wa zamu. Daktari alikuwa kijana, mchapakazi, ana watu watano wanamsubiri mapokezi. Akauliza mashine inasema nini. Tisini na tano. "Basi sista, hiyo ni nzuri. Nitapita jioni."

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo ule ukurasa wa suti na tai unapovuliwa koti. Mawasiliano yenye tija na wanatimu. Binti wa miaka ishirini na mitatu, leseni hana, kitabu hakijasainiwa, na huyu daktari ni mmoja wa watu ambao wangeweza kuulizwa kuhusu yeye. Angesema "sawa daktari," hakuna ambaye angemlaumu.

Alisema, "Daktari, mashine haihesabu pumzi. Mimi nimehesabu mara mbili, dakika nzima kila mara. Thelathini, kisha thelathini na moja. Asubuhi waliandika ishirini na siamini kama walihesabu. Sijui ana nini. Ndiyo maana nauliza, na naomba uje sasa. Nitaandika saa niliyokuita, na usipopata nafasi nitamwita daktari bingwa."

Daktari alikata simu. Kisha akaja. Na nimpe sifa yake, alikuja akikimbia. Akaweka kipimo mgongoni mwa Mama Dakika, akasikiliza chini, akasikiliza juu. Maji yalikuwa yameanza kujaa kwenye mapafu. Wakamkalisha wima, wakamwekea hewa, wakamchoma sindano ya kutoa maji. Chapchap hakubanduka. Saa kumi, ishirini na nane. Saa kumi na moja, ishirini na tano. Saa kumi na mbili jioni, ishirini na mbili, na Mama Dakika anaomba chai na anaambiwa hapana.

Daktari alimwambia fundi cherehani, mbele ya Chapchap, kwamba wangesubiri hadi jioni wasingemkuta.

Kisha Mama Dakika akafungua macho, akamtazama Chapchap. Mpaka wakati huo hakuwa amesema lolote la maana.

"Ulihesabu ngapi mara ya kwanza?"

"Thelathini, Mama."

"Na ya pili?"

"Thelathini na moja."

"Hata mimi nilipata thelathini na moja," Mama Dakika akasema. "Sikuwa na pumzi ya kumwita mtu. Nikasema ngoja nihesabu, nione kama kuna atakayekuja kulinganisha."

Chapchap akalia hapo. Fundi cherehani akalia. Msafishaji aliyekuwa anapiga deki naye akalia, kidole kimoja hakivunji chawa.

"Nenda kalete kitabu."

Chapchap akaleta, akafungua ule ukurasa, akampa kalamu, akamwonyesha mstari wa sahihi ya msimamizi. Mama Dakika akautazama, akatikisa kichwa.

"Mimi hapa nani?"

"Mama."

"Mimi hapa mgonjwa. Umeona wapi mgonjwa anasaini sehemu ya msimamizi? Msimamizi ni kaimu wangu, kesho atakusainia, nitazungumza naye. Mimi nipe sehemu yangu."

Akaenda chini, kwenye kile kisanduku ambacho hakuna anayekithamini. Maoni ya mgonjwa. Juu yalikuwepo maneno yangu, yamepigwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake akaandika neno moja.

"Alinihesabu."

Kitabu hicho nimekishika mkononi wiki hii. Nimeyaona maneno yangu ya uongo na neno lake la kweli, yamekaa jirani kwenye kisanduku kimoja, na nimeona haya niliyostahili kuona. Kaimu alisaini kesho yake. Leseni ilitoka. Bibi ya Chapchap alipoambiwa mjukuu wake sasa ni sista, alijibu, "Si niliwaambia mwaka jana?"

Mama Dakika alirudi nyumbani. Alipata miezi saba mingine, na fundi cherehani anasema ilikuwa miezi mizuri. Alistaafu rasmi, wakamkabidhi cheti na saa ya ukutani, akasema saa ya ukutani haisaidii, huwezi kuibana kifuani. Wahitimu wapya wa mwaka huu walimfuata nyumbani kila Jumapili, akawasimamisha uani mstari mmoja, na majirani wakazoea kusikia, "Sijui, ngoja niulize."

Alhamisi iliyopita asubuhi, fundi cherehani alikuwa anamalizia sare nyeupe ya mteja, cherehani kando ya kitanda cha mkewe, maana mkewe alipenda kuusikia mlio wake. Mkewe akamwita. Fundi akaacha cherehani, akakaa, akamshika mkono.

"Nilijua sasa hivi anakwenda," aliniambia. "Daktari alishatuambia, na yeye mwenyewe alisema hataki kurudishwa hospitali. Nikaweka vidole hapa, alivyonifundisha. Nikatazama kifua. Akafungua jicho moja, akaniambia, unanihesabu wewe. Nikamwambia hapana mke wangu, nimekushika tu. Akatabasamu. Ujanja wake mwenyewe, angeachaje kuujua?"

Nikamuuliza alihesabu ngapi.

"Sita," akasema. "Dakika nzima. Halafu zikaisha."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa fundi cherehani, mume wa marehemu. Pole kwa watoto wake watatu, akiwemo mwalimu wetu kitinda mimba. Pole kwa wajukuu ambao sasa wataweza kudanganya wanaumwa, na watagundua haina raha. Pole kwa wauguzi wa wodi namba nne. Pole kwako Chapchap, ambaye kuanzia mwezi ujao unapokea wahitimu wapya wawili, na nimesikia umeshabana saa kifuani, kichwa chini miguu juu. Mungu amlaze Mama Dakika mahali pema.

Na kwetu sisi tusio wauguzi, nina ombi. Ni mara ngapi tumewaandikia watu wetu ishirini? Mama hajambo, ishirini. Mzee yuko sawa, ishirini. Yule rafiki aliyenyamaza tangu mwezi wa tatu, atakuwa mzima tu, ishirini. Tumepita mlangoni, tukatupa jicho, tukaendelea na safari.

Mtayarishaji wangu anatikisa kichwa nyuma ya kioo, anajua ninachotaka kufanya. Anasema redio haikai kimya dakika nzima, watu watadhani imeharibika. Wakidhani, na wadhani. Aliye karibu nawe sasa hivi, mshike mkono. Usimwambie kitu. Akiuliza, mwambie umemshika tu. Mtazame anavyopumua. Kama uko peke yako, weka kiganja kifuani mwako, na wewe ni mtu. Mimi saa yangu ninayo hapa.

Tunaanza.

…

Haya, dakika imeisha. Umepata ngapi? Na usiniambie ishirini kama hukuhesabu.